Daktari Aliyeua Kebo ya Bahari, na Mimi Niliyeua Arduino

Wasee, mwezi jana niliua Arduino. Haikujifia. Niliiua kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa na uhakika wote duniani kwamba naiponya. Halafu nikiwa natafuta mahali pa kuficha aibu, nikaanza kusoma historia ya kebo za telegrafu za chini ya bahari, na humo nikakutana na mzee mmoja Mwingereza aliyefanya ujinga uleule mwaka 1858. Tofauti ni kwamba yeye aliua kebo ya zaidi ya kilomita 3,000, dunia nzima ikiwa inatazama. Nikajisikia afadhali kidogo.

Wacha nianze na yangu, ndio muielewe yake.

Kwetu maji huja mara mbili kwa wiki, tena usiku wa manane. Mathee huamka, anawasha pampu, tangi la juu linaanza kujaa, usingizi unamchukua, na kabla ya alfajiri maji yanashuka kwa jirani wa chini kama mto. Mara ya mwisho jirani alipanda ngazi akiwa amekumbatia kipande cha godoro lililolowa. Hakupiga kelele, na hiyo ndio ilikuwa mbaya zaidi. Mwenye ploti akasema ikitokea tena, godoro na dari zitatoka mfukoni mwa mathee.

Nikamwambia, "Mathee, hiyo niachie." Akaniangalia, akasema, "Si ulisomea hayo mambo ya stima?" Nilisomea, ndio, miaka miwili. Uhandisi wa umeme, halafu karo ikakataa, nikarudi nyumbani. Tangu hapo kila kitu cha stima kikiharibika kwetu ni kama mtihani ambao sikuufanya umenifuata hadi jikoni.

Mpango ulikuwa rahisi. Boya ndani ya tangi, na boya hilo ni swichi tu: maji yakifika juu linainuka, swichi inafunga. Waya mbili zinashuka kutoka paa hadi jikoni, mita 22. Jikoni kuna Arduino na kengele ndogo. Tangi likijaa, kengele inalia, mathee anazima pampu. Mezani, kwenye bredibodi, ilifanya kazi mara ya kwanza. Nilirekodi hata video.

Waya nilitoa kwa vipande viwili vya kebo ya zamani ya intaneti nilivyopata Luthuli kwa bei ya kutupa. Havikutosha kimoja kimoja, kwa hivyo nikaviunga juu ya paa. Nilisokota shaba kwa vidole, nikazungusha tepu nyeusi, nikashuka. Kumbuka hicho kiungo.

Wiki mbili mambo yalikuwa sawa. Halafu mvua ikanyesha, na kengele ikaingia wazimu. Tangi limejaa, imenyamaza. Dakika mbili baadaye inalia, halafu inakatika katikati. Nikabadilisha kodi. Nikabadilisha bredibodi. Nikabadilisha kengele, ambayo haikuwa na kosa lolote. Nikamlaumu mdogo wangu kwa kugusa vitu vyangu, na maskini hata hakuwa nyumbani wiki hiyo. Mwishowe nikajiambia: waya ni mrefu, ishara inachoka njiani, inahitaji nguvu. Nikachukua adapta ya volti 12 ya rauta iliyokufa, nikaitia kwenye ile laini. Jua lilikuwa limewaka siku nzima, paa limekauka. Tukajaza tangi.

Kengele ikalia! Safi kabisa. Nikapiga yowe. Sekunde chache baadaye nikasikia ile harufu. Kama umewahi kuchoma chipu unaijua, haifanani na kitu kingine. Pini ya Arduino inavumilia volti 5. Mimi niliipa 12.

Sasa twende Brighton, Uingereza.

Kulikuwa na daktari wa upasuaji anayeitwa Wildman Whitehouse. Umeme hakuusomea popote, alijifunza mwenyewe kwa majaribio mengi sana, kwa pesa zake na muda wake. Hakuwa mjinga. Mwaka 1856 kampuni ya Atlantic Telegraph ilipoundwa kuvuta kebo kutoka Ireland hadi Newfoundland, Whitehouse ndiye aliyekuwa mtaalamu wao wa umeme. Nitasema ukweli: nilipofika hapo nilifurahi. Mtu bila digrii ya mambo hayo, amepewa kazi kubwa kuliko zote za umeme duniani wakati huo. Nilikuwa tayari kumfanya shujaa wangu, na hata kichwa cha habari nilikuwa nacho.

Upande wa pili alikuwa William Thomson, profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow tangu akiwa na miaka 22. Huyu ndiye baadaye aliitwa Lord Kelvin, yule wa vipimo vya joto. Thomson alikuwa amepiga hesabu akaona kwamba kwenye kebo ndefu ya baharini ishara hazifiki ghafla, zinapanda polepole, na uchelewaji unakua kwa mraba wa urefu. Yaani ukiongeza urefu mara mbili, uchelewaji unaongezeka mara nne. Dawa yake: shaba nene na safi zaidi, kihami kinene zaidi, na kifaa cha kupokea kinachoweza kuona ishara ndogo kabisa. Whitehouse akabisha hadharani, akasema majaribio yake hayaonyeshi hivyo. Yeye dawa yake ilikuwa nguvu. Ishara ikiwa dhaifu, isukume.

Kampuni ikaenda na muundo wa bei nafuu. Shaba nyembamba ya nyuzi saba, imefunikwa kwa gutapeka, ile gundi ngumu ya miti ya Malaya, halafu chuma kikasokotwa kwa nje. Na hapa kuna kitu kilinichekesha hadi nikasahau shida zangu. Kebo ilitengenezwa na viwanda viwili, nusu kwa nusu, na kila kiwanda kilisokota chuma chake kuelekea upande tofauti. Ukiunga nusu hizo mbili, moja inasokotoa nyingine. Ilibidi watengeneze kifaa maalum cha kuzishika ili kiungo kisijifungue baharini. Wasee, hii ni kampuni yenye mamilioni, na kiungo chao kilikuwa na shida kama changu cha paa!

Jaribio la 1857 likakatika. Kebo iliyobaki ikakaa nchi kavu majira yote ya baridi, imeviringishwa, sehemu nyingine zikipigwa na jua na hewa. Gutapeka ikipata joto inalainika, na shaba ndani inaweza kusogea kutoka katikati hadi karibu kutokeza nje. Kwa macho huoni kitu, ganda liko sawasawa. Mtu yeyote aliyewahi kununua zile waya za jampa za bei rahisi, zinazokatikia ndani ya plastiki huku nje zikimetameta, anajua maumivu haya.

Mwaka 1858 meli mbili, Agamemnon ya Uingereza na Niagara ya Marekani, zilikutana katikati ya Atlantiki, zikaunga kebo, kila moja ikaelekea kwao. Thomson alikuwa ndani ya Agamemnon na kifaa chake. Whitehouse alibaki nchi kavu, akisema afya haimruhusu. Tarehe 5 Agosti kebo ikafika pande zote mbili. Watu wakachizi. New York walirusha fataki hadi paa la ukumbi wa jiji likashika moto, na huo si utani. Malkia Victoria akamtumia Rais Buchanan salamu za maneno yasiyofika 100. Zilichukua kama saa 16 kufika.

Saa 16! Kebo ilikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza.

Kifaa cha Thomson kilikuwa kizuri kiasi cha kukera. Kioo kidogo kabisa kimebandikwa kwa sumaku ndogo, vinaning'inia kwa uzi ndani ya koili ya waya. Mkondo mdogo ukipita, kioo kinageuka kidogo tu, lakini mwanga wa taa unaopiga kioo hicho unasafiri kwa skeli iliyo mbali, na ule mgeuko mdogo unaonekana mkubwa. Kwa hicho kifaa ungeweza kusikiliza kebo mgonjwa bila kuiumiza. Ila Whitehouse, pale Valentia nchini Ireland, alikuwa na koili zake kubwa zenye urefu wa karibu mtu mzima, na alizitumia kusukuma kama volti 2,000 ndani ya kebo ile. Mbaya zaidi, ikabainika kwamba ujumbe ulikuwa unapokelewa kwa kioo cha Thomson, halafu unapigwa upya kwenye mashine ya Whitehouse ili karatasi ionekane imetoka kwake.

Kabla mwezi kuisha, kebo ilikuwa haisemi tena kitu cha kueleweka. Whitehouse akafukuzwa. Akachapisha kijitabu cha kujitetea.

Kuna watu walianza kusema kebo haijawahi kufanya kazi, kwamba sherehe zote zilikuwa uongo. Na wanahistoria wa siku hizi wanamtetea daktari kidogo: wanasema kebo ilikuwa imeharibika tayari, ingekufa hata bila yeye, na kampuni ilihitaji mtu wa kubebeshwa lawama. Naona wana hoja. Ila volti 2,000 ni volti 2,000. Penye ufa alipiga nyundo.

Nilikaa na hiyo hadithi siku mbili na haikunipendeza. Nilitaka ile ya fundi wa mtaa anayemshinda profesa. Nikapata kinyume chake, na kibaya zaidi nikajiona kwenye mtu asiyefaa. Lakini nilivyoendelea kusoma, nikaona kwamba shida ya Whitehouse haikuwa kukosa digrii. Majaribio alifanya mengi kuliko wengi wa wakati wake. Shida ni kwamba kebo ilipougua, yeye alikuwa na jibu kabla ya kuuliza swali. Mimi darasani nilikaa miaka miwili na nikafanya vilevile.

Aliyeuliza swali vizuri alikuwa Cromwell Varley, mhandisi wa telegrafu, aliyeitwa kuichunguza kebo iliyokufa. Hakuongeza nguvu. Alipima ukinzani kutoka Valentia, akasema kosa liko mbali baharini, mamia ya maili kutoka pwani. Fikiria hilo. Kitu kiko chini ya Atlantiki, hakuna meli iliyoshuka kukitazama, na mtu amekaa kwenye kibanda pwani anakuambia kiko umbali gani.

Inawezekanaje? Kila maili ya shaba ina ukinzani wake. Ukijua maili moja ina kiasi gani, na kebo imekatika ikagusa maji ya chumvi, umeme unaenda hadi pale na kurudi kupitia bahari. Unapima, unagawanya, unapata umbali. Si kamili, kwa sababu kidonda chenyewe kina ukinzani wake, na ndio maana walipenda kupima kutoka ncha zote mbili. Ila inakuambia pa kuanzia.

Sasa tatizo lao lilikuwa hili, na hapa ndipo nilishika kichwa. Georg Ohm alishaandika sheria yake mwaka 1827, na lile daraja la Wheatstone la kulinganisha ukinzani, ambalo kwa haki ni la Samuel Christie wa 1833, lilikuwepo. Lakini kipimo kimoja cha wote hakikuwepo! Kila karakana ilikuwa na chake. Huyu anahesabu kwa maili ya waya wa shaba wa unene fulani, yule kwa waya wa nchi yake. Na Thomson alishagundua kwamba shaba yenyewe hutofautiana vibaya sana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hivyo hata "maili ya shaba" si kitu kimoja. Ni kama kununua unga kila duka na kilo yake.

Mwaka 1859 kebo nyingine ikatandazwa Bahari ya Shamu kwenda India, nayo ikafa upesi, na serikali ya Uingereza ilikuwa imeshaidhamini. Hapo pesa za walipa kodi zikauma. Tume ikaundwa, na ripoti yake ya 1861 ikasema kati ya maili 11,000 na zaidi za kebo zilizolazwa baharini, zilizokuwa zinafanya kazi ni kama 3,000 tu. Mwaka huohuo wa 1861, Thomson na wenzake katika Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi wakaunda kamati ya kutengeneza kipimo kimoja cha ukinzani. James Clerk Maxwell, yule wa milinganyo inayotoa watu machozi mwaka wa pili, alikuwa mmoja wa waliozungusha koili kule King's College London ili kukipata.

Kipimo hicho ndicho omu. Ile alama ya kiatu cha farasi kwenye mita yako ya Luthuli imetoka hapo, kwa watu waliochoka kutupa pesa baharini. Chuoni niliandika omu kwenye daftari mara sijui ngapi na hakuna siku hata moja nilijua kwamba ilizaliwa kwa sababu ya kebo zilizokufa. Tulifanya hata maabara ya daraja la Wheatstone. Nilinakili majibu ya mwenzangu, bana. Nilifikiri ni zoezi la kupata maksi.

Mwaka 1865 walirudi na meli kubwa kuliko zote wakati huo, Great Eastern, na kebo nene zaidi. Safari hii walikuwa wanaipima inapoteremka. Siku za mwanzo tu vipimo vikaonyesha kasoro. Wakaivuta kebo juu, wakakuta kipande kifupi cha waya wa chuma kimechoma gutapeka hadi kwenye shaba. Ikatokea tena. Watu wakaanza kutazamana vibaya, wakasema kuna mhaini ndani ya meli, walinzi wakawekwa kwenye tangi la kebo. Kumbe vilikuwa vipande vya chuma cha kebo yenyewe vilivyokatika na kudungwa ndani kwa uzito wake. Niliposoma hapo nilienda kumwomba mdogo wangu msamaha.

Kebo ya 1865 ilikatika ikazama. Mwaka 1866 wakaleta nyingine, ikafika Newfoundland tarehe 27 Julai, halafu wakarudi baharini, wakaikamata ile ya 1865 kwa kulabu kutoka kilindini, wakaiunga, wakaimalizia. Kebo mbili zikifanya kazi. Mwaka 1879 mtandao huo ukafika pwani yetu, kebo kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban.

Na usidhani hayo yameisha. Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ikawa inatambaa nchi nzima, watu wanazima simu na kuwasha? Kebo mbili, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini. Siku hizi wahandisi hutuma mwale wa mwanga na kupima muda unaochukua kurudi. Lakini ndani ya kebo hizo bado kuna shaba inayopeleka umeme kwa mashine za kukuza mwanga huko chini, na hiyo shaba bado wanaipima volti na ukinzani ili kujua kosa liko wapi. Mtindo wa Varley haujastaafu.

Basi nikapanda paa.

Kwanza hesabu. Kebo yangu ni mita 22, kwenda na kurudi 44. Waya mwembamba wa kebo ya intaneti unatoa kwa urefu huo karibu omu 4. Nikatoa boya, nikasokota waya zote mbili pamoja pale tangini, nikashuka jikoni na mita. Nilikuwa natarajia 4. Mita ikasoma maelfu, ikashuka, ikapanda, ikasema waya umekatika kabisa, ikarudi maelfu. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Wiki tatu nilikuwa nalaumu kodi, na jibu lilikuwa linapatikana kwa dakika moja na mita ya shilingi mia tano.

Nikarudi juu, nikafungua kiungo ili nipime kila kipande peke yake. Cha juu: chini kidogo ya omu 2. Cha chini: omu 2 na kitu. Vyote vizima. Kumbe ni pale katikati, mahali pale pale niliposokota kwa vidole. Tepu nyeusi ilikuwa imeshikilia maji ndani kama kikombe, na shaba ilikuwa imekuwa ya kijani. Jua likikausha, inashika. Umande ukianguka, inaachia. Siku niliyotia volti 12 ilikuwa imeshika vizuri kabisa, na ndio maana ilipitisha zote.

Nikakata ile shaba ya kijani hadi nikafika nyekundu safi, nikalehemu, nikavalisha mpira wa kubana kwa moto, nikaufunga kiungo kikiangalia chini maji yasituame. Nikapima jikoni: 4.1. Nikanunua Arduino nyingine, zaidi ya ngiri moja, pesa ambayo sikupanga kutumia. Volti 5 zikatosha. Zilikuwa zinatosha tangu mwanzo.

Wale mafundi wa kebo za bahari walikuwa wanaandika vipimo vya kebo ikiwa nzima, ili siku ikiugua wawe na cha kulinganisha. Kwa hivyo jikoni kwetu, juu ya swichi ya taa, kuna kipande cha tepu ya karatasi kimeandikwa 4.1 na tarehe. Mathee aliuliza hiyo ni nini. Nikamweleza yote, daktari, profesa, Malkia, meli. Alisikiliza hadi mwisho, akifikicha sukumawiki. Akasema, "Sawa. Na hiyo kengele inaweza kulia kwa sauti zaidi? Mimi usingizi wangu ni mzito."

Naifanyia kazi.